Moteri Iliyokuwa Inakunywa Maji

Faida mwanangu,

Umekwenda kuaga shangazi yako upande ule wa mlima, na ninavyomjua, hatakuachia urudi kabla hujala. Mama yako yuko nyuma ya nyumba anachagua maharagi utakayobeba, na kila nikimkaribia ananifukuza. Basi nimechukua daftari, nimekaa mezani, na nimeamua kukuandikia mambo ambayo mdomo wangu umekuwa ukiyakwepa.

Sitakuambia habari za kula, kufua, kusali na kuchagua marafiki. Hayo mama yako amekwisha kuyasema, na kesho atayaanza upya kabla sijawasha moteri. Na huko Bukavu, kwenye shule yako ya ufundi wa magari, walimu watakufundisha mengi nisiyoyajua. Mimi ni mtu wa ng'ombe na fromaji, jibini yetu ya hapa. Ninachoweza kukuachia ni habari ya kosa langu moja. Sehemu yake unaijua kwa sababu ulikuwapo. Sehemu nyingine ilikuwa ndani yangu, na hiyo hujawahi kuisikia.

Miaka tisa motokari yetu iliendeshwa na Papa Bauma. Ulikuwa na miaka saba alipoanza kazi, na yeye ndiye aliyekuweka mara ya kwanza mbele ya usukani, kwenye uwanja wa ng'ombe, miguu yako haijafika chini. Baba yake alikuwa mtu wa hapa Masisi, mama yake alitoka Walikale, kwa watu wa msituni. Alikuwa na utulivu wa mtu aliyezoea kusikiliza kwanza. Alishusha fromaji zetu mpaka Goma na kurudi, kwenye barabara ambayo mvua ya saa moja inaigeuza uji, na kila alipofika kwenye mlima mkali alizima redio ili asikie moteri. Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia moteri ya motokari kuukuu kama hii inasikika hata mtu akiwa na redio tatu.

Halafu ikaanza kuchemka. Kwanza mara moja kwa juma, halafu kila safari. Asubuhi radiateri, tangi la maji ya kupoza moteri, inajazwa mpaka shingoni, jioni imepungukiwa nusu ya bido, lile dumu letu la maji, na chini ya gari hakuna hata tone. Papa Bauma akanifuata kwenye zizi, kofia mkononi.

"Patron," akasema, "hii moteri iko nakunywa maji. Tuipeleke kwa mekanisie mbele ya kuharibika kabisa."

"Moteri haina mdomo," nikamjibu, nikaendelea kukamua.

Ndivyo nilivyomjibu mtu aliyekaa na moteri ile miaka tisa. Sikumwangalia hata usoni.

Siku zile nilikuwa na hofu. Mzigo ulikuwa unachelewa kufika Goma, fromaji zinalowa jasho njiani, na mteja wetu mkubwa alikuwa ameanza kunung'unika. Mtu mwenye hofu anatafuta haraka mahali pa kuitua. Wakati huo pia watu walikuwa wanasema kwamba mashofere wanabeba kwa siri magunia ya watu wa Rubaya, ya ule udongo mweusi mzito wa machimbo, na kuficha chini ya mizigo ya matajiri wao. Siku moja nikapanda nyuma ya motokari yetu, nikakuta gunia lililochanika na kamba ambayo haikuwa yetu. Nikaunganisha mambo mwenyewe. Magunia mazito, mlima mkali, moteri inachemka. Ilikaa vizuri sana kichwani mwangu. Na kwa sababu ilikaa vizuri, sikumuuliza mtu.

Nilimfukuza siku ya soko. Wewe ulikuwa shuleni, kwa hiyo hili hukuliona. Nilimkuta amesimama karibu na akina mama wanaouza maharagi, nikamwita kwa sauti ili kila mtu asikie.

"Bauma! Leta funguo. Ukabebe magunia ya watu kwa motokari yako mwenyewe."

Sikusema Papa. Nilimwita Bauma hivi hivi, kama mtoto.

Akaniangalia, akaangalia wale akina mama. "Patron, sikubebaka muzigo wa mutu. Hata siku moja."

"Na lile gunia?"

"Lile naweka chini ya mupira wakati tunakwama mu matope."

Faida, jibu lilikuwa pale. Lilikuwa kavu, fupi, na la kweli. Nilikuwa nimekwisha kupandisha sauti mbele ya watu, na sikujua namna ya kuishusha. Nikanyoosha mkono. Akaweka funguo kwenye kiganja changu, polepole, akavaa kofia yake akaondoka kwa mguu. Baada ya juma moja nikasikia ameenda Walikale, kwa wajomba zake.

Hapo nikashika usukani mwenyewe. Unakumbuka safari ile ya tatu, tulipokuwa watatu mbele, wewe katikati, mama yako dirishani. Kwenye mlima ule wa pili mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu, mvuke ukatoka chini ya kifuniko cha moteri, nikasimamisha gari nikaruka chini nikiwa na hasira kama ya mtu aliyetukanwa. Ulisema, "Papa, ngoja kwanza ipoe." Nilikusikia. Nilikusikia vizuri sana. Nikachukua kitambaa, nikafungua bushoni, kile kifuniko cha radiateri.

Maji yalinipiga kifuani na mkononi kabla sijamaliza kuizungusha. Sikumbuki kupiga kelele, lakini mama yako anasema ng'ombe wa bondeni waliinua vichwa. Ninachokumbuka ni wewe. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulinivuta nyuma kwa ukosi wa shati, ukanikalisha kwenye majani, ukachukua bido ya maji baridi tuliyobeba kwa ajili ya moteri, ukanimwagia mkono wangu bila kukoma mpaka bido ikaisha. Mama yako alitaka kupaka siagi kama walivyofanya wazazi wetu. Ulimzuia kwa upole, "Hapana mama, maji tu, tulisomeshwa." Daktari msaidizi wa zahanati aliniambia baadaye kwamba maji yale yaliuokoa mkono wangu.

Majuma yaliyofuata nilikaa mlangoni kwenye kiti, mkono umefungwa kama mtoto mchanga, nikikutazama. Wewe unafikiri nilikuwa nalala. Nilikuwa nakutazama.

Ulianza na kartoni. Ulikata sanduku kubwa, ukalitandika chini ya moteri jioni, ukaandika juu yake kwa kalamu: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Asubuhi ukalivuta nje, ukapiga magoti juu yake kama mtu anayesoma barua. Palikuwa na madoa mawili meusi upande wa kushoto. Ukayagusa, ukayasugua kati ya vidole, ukanusa.

"Haya ni mafuta ya moteri," ukasema peke yako. "Yanateleza. Maji hayako hapa."

Nikakuambia kutoka kwenye kiti, "Funga tu kila bulo na nati unayoiona." Ulinijibu, "Ndiyo Papa," halafu hukufanya. Leo nakushukuru kwa kutonisikiliza.

Ukasafisha upande wote wa kushoto wa moteri kwa mazutu, mafuta ya dizeli, na brashi ya viatu, ukaukausha, kisha ukaenda jikoni ukarudi na unga wa muhogo. Mama yako alitoka mbio nyuma yako, "Faida, unapikia motokari bugali?" Ukapuliza unga juu ya chuma mpaka moteri ikawa nyeupe kama mtu aliyetoka kwenye kinu. Ukaendesha polepole kuzunguka uwanja, ukarudi, ukafungua. Kwenye ule weupe palikuwa na mstari mmoja mweusi, mwembamba, unashuka kutoka kwenye kifuniko cha juu. Ulikuwa umeona mafuta yanapotokea kwa sababu unga ulionyesha njia yake. Mimi nilikuwa nimemiliki motokari ile miaka mingi na sikuwahi kuwaza jambo kama hilo.

Lakini mafuta kidogo hayachemshi moteri. Ulijua hivyo, ukaendelea. Ukaangalia mbele ya radiateri, ukakuta matope yamekauka na mbegu za majani zimejaza zile nafasi ndogo ambamo hewa inapita. Ulishinda mchana kutwa ukizitoa kwa sindano ya kushonea magunia na maji ya polepole. Jioni ulikuja kusimama mbele yangu, umelowa, umefurahi.

"Papa, nimepata. Ilikuwa inakosa pumzi."

Ukawaambia mama yako, shangazi yako na mwalimu wako. Kesho yake ukaipandisha mlima wa kanisa. Nilisikia moteri ikipanda, nikasikia ikizimwa. Ukarudi kwa mguu.

Sasa nifikie lile ambalo nimekaa chini kuliandika. Uliingia ndani, ukachukua kikombe cha chai kutoka kwa mama yako, ukanywa mara moja, ukasema, "Nilikosea. Radiateri ilikuwa chafu, lakini ugonjwa si huo. Bado inachemka." Ukanywa mara ya pili, ukauliza kama kuna kiazi. Kisha ukaenda kwa shangazi na kwa mwalimu kuwaambia pia kwamba ulikosea.

Nilibaki kwenye kiti. Nilikuwa mzee wa miaka hamsini, kiongozi kanisani, na nilikuwa nimeona mtoto wangu anafanya kwa kikombe kimoja cha chai jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya maishani. Nilijiambia ni kwa sababu wewe bado ni mtoto, huna jina la kulinda. Huo ulikuwa uongo, na niliujua ni uongo wakati huohuo nilipokuwa najiambia.

Asubuhi ya baridi uliyoichagua, kabla moteri haijaguswa, ulifungua bushoni ya radiateri ukiwa na uhakika maji ni baridi. Ulikuwa umegusa kwanza diriti zote, ile mipira inayopitisha maji. Ulinionyesha jinsi zilivyokuwa laini mkononi. Kisha ukamwita mama yako aje kuwasha. Alikuja na mikono yenye unga, akapanda, akasema, "Kama inapasuka, miye ntaanza na papa yako." Moteri ikawaka. Ulikuwa umeinama pembeni, macho kwenye shingo ya radiateri, na baada ya muda mfupi sana ukaita.

"Papa! Kuja uone!"

Niliinuka na mkono wangu. Ndani ya maji mapovu yalikuwa yanapanda, moja, moja, kisha mengi, kama sufuria inayoanza kuchemka, na maji yenyewe bado baridi kabisa. Ulishika diriti ya juu. Ilikuwa imekwisha kuwa ngumu kama mti. Nyuma, kwenye bomba la moshi, moshi mweupe ulikuwa unatoka na haukuwa unaisha.

"Moto wa ndani unaingia kwenye maji," ukasema, "na maji yanaingia kwenye moto. Ndiyo sababu hatuoni tone chini. Yanaungulia ndani, yanatoka na moshi."

Halafu ukanigeukia. Nilijua neno linalokuja.

"Papa," ukasema, "iko nakunywa maji kweli. Papa Bauma alisema kweli."

Nilikujibu nini? Nilikuambia, "Kwanza tutafute mekanisie." Mekanisie akaja, akafungua kichwa cha moteri, akatoa joint de culasse, ile karatasi ngumu inayobanwa kati ya vipande viwili vya moteri, akatuonyesha mahali ilipoungua. Pengo dogo, halizidi ukucha wa mtoto. Akaweka mpya, akafunga, motokari ikapanda mlima wa kanisa bila mshale kutikisika. Watu wakakupongeza. Na mimi nikaendelea kunyamaza. Juma la kwanza, la pili, la tatu. Nilisema Walikale ni mbali, na mvua ni nyingi, na huenda amepata kazi nzuri zaidi. Usiku nilikuwa nalala vizuri, mwanangu, hilo ndilo linalonitisha leo.

Wewe hukunisema. Uliacha tu kupanda motokari. Shule iko mbali, na kila asubuhi nilipokuwa nashuka na mzigo nilikupita njiani, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Nilisimama.

"Panda."

"Asante Papa. Nitatembea."

"Kwa sababu gani?"

"Si mahali pangu. Ni mahali pa Papa Bauma."

Ulisema kwa heshima, bila kunikazia macho, na ukaendelea na njia yako. Siku ya nne nilizima moteri, nikakufuata kwa mguu mpaka karibu na daraja, nikakuambia, "Jumatatu tunaenda Walikale." Ukaniangalia, ukacheka, ukakimbia shuleni kwa sababu kengele ilikuwa imekwisha kulia.

Unaikumbuka safari ile kuliko mimi. Moto mbili, pikipiki za kukodi, kwa siku mbili, wewe nyuma ya shofere wako ukimshauri kuhusu mnyororo wake, mimi nyuma ya wangu nikimwomba Mungu. Milima ikaisha, miti ikaanza kutufunika, baridi ikabaki nyuma. Mjomba wake Papa Bauma alitupokea kwenye nyumba yake, mzee mwindaji, akatupa ndizi na samaki wa mtoni. Nilipomwambia nimemfuata nani, akaweka samaki wake chini.

"Wewe njo ule patron?"

"Ni mimi."

"Hm," akasema, na akamsogezea mtoto wangu kipande kikubwa zaidi cha samaki.

Papa Bauma alikuwa Omate, kwenye machimbo ya dhahabu. Tulitembea siku nzima kwenye njia ya msituni kumfikia. Tulimkuta anapanda kutoka mtoni na gunia la mchanga mgongoni, kamba kwenye paji la uso, miguu mitupu. Mtu aliyejua kila shimo la barabara ya Goma alikuwa anabeba mchanga na vijana wa nusu ya umri wake. Alikuwa amekonda. Akatuona, akasimama, akashusha gunia, na salamu yake ya kwanza ilikuwa kwako.

"Faida, umekuwa murefu."

Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Yote yakanipotea. Nikasema, "Papa Bauma, moteri ilikuwa inakunywa maji."

Akaketi juu ya gunia. Hakuniuliza kitu. Akakugeukia. "Nani aliiona?"

"Mimi, papa."

"Uliionaje? Nielezee polepole."

Ukaketi chini mbele yake, ukaeleza yote: kartoni, unga, radiateri, jinsi ulivyokosea, mapovu. Alikuuliza kama mwalimu kwenye mtihani.

"Chini ya bushoni ya mafuta uliangalia?"

"Niliangalia. Kulikuwa kama maziwa mazito, mafuta yaliyochanganyika na maji."

"Na ukaamini hapo hapo?"

"Hapana. Huku kwetu kuna baridi. Nilifikiri inaweza kuwa umande tu wa ndani, kwa sababu tulikuwa tunaiwasha mara chache. Niliamini wakati wa mapovu."

Akapiga goti lake kwa kiganja, akacheka mara ya kwanza. "Unga wa muhogo! Miye hata sikuwazaka." Akaniangalia mimi sasa. "Patron, huyu mutoto anasikia moteri. Musimuharibu."

Nikamwomba msamaha pale mtoni, mbele ya vijana wenye magunia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kitu ambacho nimekibeba mpaka leo.

"Nimesikia. Lakini hapa hawanijue, na weye hawakujue. Ulinifukuza mbele ya watu wangu. Ukitaka kunirudishia jina yangu, unirudishie pale ulilichukulia."

Ndiyo sababu ile siku ya soko, tuliporudi naye Masisi, ulinishika mkono. Nilisimama karibu na akina mama wa maharagi, Papa Bauma pembeni yangu amevaa shati safi na kofia yake, na nikaanza kusema. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeungama. Mama mmoja mzee, unamjua, yule mwenye kitambaa cha njano, akapaza sauti kutoka nyuma ya gunia lake.

"Sema kwa nguvu, Papa Faida! Siku ile ulisema kwa nguvu!"

Watu wakacheka. Nami nikasema kwa nguvu. Nilisema Papa Bauma hakubeba gunia la mtu. Nilisema aliniambia ukweli kuhusu moteri nikamjibu kwa dharau, nikamsingizia, na kwamba aliyenionyesha kosa langu ni binti yangu. Nilidhani nitakufa kwa aibu. Nilipomaliza, yule mama akasema, "Haya, sasa tumesikia," akarudi kupima maharagi. Ilikuwa imekwisha. Jambo nililoliogopa kuliko maji ya moto lilichukua muda usiotosha kumenya ndizi.

Papa Bauma alinisamehe. Alinipa mkono pale pale, na mkono wake ulikuwa wa kweli. Nikamtolea funguo ya motokari. Akaiangalia.

"Hapana," akasema. "Nimekusamehe, lakini hii sitaishika tena."

Nilifikiri atabadili. Hakubadili. Alipata kazi kwenye lori la mtu mwingine, na mpaka leo analiendesha. Kwetu alikuja siku zake za kupumzika, kwa ajili yako. Miaka miwili nimewaona nyote wawili vichwa vimeingia chini ya kifuniko cha moteri, hamsemi, mnasikiliza, na mimi nawaletea maziwa kama mhudumu. Nilikuwa na furaha kubwa na nilikuwa na uchungu, vyote kwa pamoja. Wewe ulimpata rafiki. Shofere wangu sikumpata tena. Nakuandikia hili wazi kwa sababu ningependa kukuambia kwamba ukiomba msamaha kila kitu kinarudi mahali pake, na si kweli. Vingine vinarudi. Vingine vinakaa pale vilipoangukia, na unajifunza kuvipita kwa adabu.

Huko uendako utakuwa msichana kati ya wavulana wengi. Baadhi yao watakuambia moteri haina mdomo. Hao siwaogopi, umeshinda wakubwa zaidi yao, na mmoja wao ndiye anayekuandikia. Ninaogopa siku nyingine, iliyo mbali kidogo, utakapokuwa fundi mwenye jina, na watu watakuja kutoka mbali kukuuliza, na mtu mdogo, mwenye mikono michafu, atasema neno ambalo halikubaliani na lako. Siku hiyo utakuwa na cha kupoteza kama nilivyokuwa nacho mimi. Sina dawa ya siku hiyo. Najua tu kwamba uliwahi kunywa chai na kusema ulikosea, kisha ukaomba kiazi, na sijaona kitu kizuri kuliko hicho katika nyumba hii, hata siku ulipozaliwa, na siku ile nililia.

Mama yako ameita, anataka nimsaidie kufunga gunia. Nitaiweka barua hii kati ya nguo zako, mahali ambapo hutaiona kabla ya kufika, kwa sababu ukiisoma nikiwa karibu nitakimbilia zizini.

Ukifika, utapiga simu kusema umefika salama, na mama yako atamshukuru Mungu kwa sauti. Baada ya hapo mwambie anipe simu. Usinisimulie uliyofaulu, hayo nitayasikia kwa watu. Nisimulie kitu kimoja ulichokosea juma hilo, na namna ulivyokigundua. Nitakaa chini kabisa kukusikiliza. Na mimi nitakusimulia changu.

Papa yako